Majina ya watu yawa kamusi kwa wageni Kericho

Mgeni anayefika Kericho au Bomet kuchuma majani chai hutegemea Kiswahili kazini, lakini wenyeji wakigeukia Kikipsigis hubaki kimya. Hata hivyo, msamiati amezungukwa nao. Kwa kawaida Kipkoech na Chepkoech walizaliwa kulipokucha. Kiplangat na Chelangat, jioni. Kiprotich na Cherotich, ng'ombe waliporejea zizini. Kip- ni ya kiume, Chep- au Che- ya kike. Neno likishikizwa kwa sura ya jirani halipotei upesi. Mwaka 1885, Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha kuwa mengi husahaulika mapema yasiporudiwa. Hapa kila salamu ni marudio. Ila Rotich au Langat, bila kiambishi, mara nyingi ni jina la baba.