Mgonjwa Asiyeumwa Popote

Katika usharika wetu tulimzika mzee wa kanisa ambaye Jumapili mbili kabla alikuwa akikusanya sadaka. Alianguka kwa kiharusi. Baada ya mazishi ndipo tulipokumbuka kwamba aliwahi kuandikiwa vidonge vya presha, akaviacha alipopata nafuu, na aliposimama kushuhudia kwamba amepona sisi tulipiga makofi. Tangu hapo tunajiuliza: kumtunza mgonjwa asiyeumwa popote ni kazi ya nani? Historia ina jibu linalotuhusu.

Uuguzi wa kisasa una mizizi ndani ya Kanisa. Mwaka 1836 mchungaji Theodor Fliedner na mkewe Friederike walianzisha huko Kaiserswerth, Ujerumani, nyumba ya mashemasi wa kike waliofundishwa kuuguza. Florence Nightingale alipata mafunzo huko mwaka 1851, kabla ya kwenda kuuguza askari wa vita vya Krimea. Lakini hao walimhudumia mtu aliyekwisha kulala kitandani. Presha iliyojificha ndani ya mtu anayetembea hawakuwa na njia ya kuiona.

Njia hiyo ilipatikana baadaye. Mwaka 1896 daktari Mwitalia Scipione Riva-Rocci alitengeneza mkanda wa kufunga mkono, uliounganishwa na mrija wa zebaki. Mwaka 1905 Mrusi Nikolai Korotkov alionyesha kwamba ukisikiliza mshipa chini ya mkanda huo, utasikia mapigo yanapoanza na yanapokoma. Ndizo namba mbili tunazosomewa hadi leo.

Hata hivyo, kujua hakukuwa kutibu. Rais Franklin Roosevelt wa Marekani alipimwa Machi 1944, akakutwa na 186 kwa 108. Dawa ya kutegemewa haikuwepo. Tarehe 12 Aprili 1945 alifariki kwa damu kuvuja katika ubongo, presha yake ikiwa imefika 300 kwa 190. Cheo hakikumsaidia.

Dawa nzuri ya kumeza ilikuja mwaka 1958. Mwaka 1967 Edward Freis na wenzake walitangaza matokeo ya utafiti wa wanaume 143 waliokuwa na presha kali: waliopewa dawa waliepuka kwa kiasi kikubwa maafa yaliyowapata wasiopewa. Sasa tatizo likawa jingine. Kidonge hiki humezwa kila siku na mtu asiyesikia maumivu.

Hapo muuguzi alihitajika tena, safari hii akiwa mwenzi wa njiani. Humketisha mgonjwa atulie dakika 5, mgongo umeegemea, mkono usawa wa moyo, ndipo apime. Humweleza habari ya chumvi. Humuuliza bila kumgombeza kwa nini vidonge vimebaki: je, ni fedha, kizunguzungu, au hofu ya kuonekana hana imani?

Kanisa nalo lilirudi kwenye kazi hiyo. Katika miaka ya 1980 mchungaji wa Kilutheri Granger Westberg, akishirikiana na hospitali ya Lutheran General karibu na Chicago, aliweka wauguzi katika sharika sita, ili mtu apate mahali pa kupimwa, kusikilizwa na kuombewa pale pale anapoabudu.

Tunampenda Msamaria mwema kwa mafuta na divai aliyomtia majeruhi. Mara nyingi tunasahau kwamba alimlipa mwenye nyumba ya wageni na kuahidi kurudi. Presha haiponywi kwa kumwagiwa mafuta mara moja; hutunzwa kwa kurudi.

Kwa hiyo Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, baada ya ibada, dada zetu wauguzi hukaa na kipimo kwenye benchi la nyuma. Bado tunaombea wagonjwa, na bado tunapokea ushuhuda. Lakini kabla ya kupiga makofi tunauliza: "Mpendwa, vidonge vipo? Na tarehe ya kliniki ni lini?"