Homa ya Baada ya Mshindo: Kwa Nini Tiba Ilichelewa Kuisikia

Mwaka 2002 Marcel Waldinger, daktari wa magonjwa ya akili na neva nchini Uholanzi, akishirikiana na Dave Schweitzer, alichapisha taarifa fupi ya kitabibu kuhusu wanaume wawili ambao kila walipofikia mshindo waliugua. Waliupa ugonjwa huo jina tunaloweza kulifasiri kuwa sindromu ya ugonjwa wa baada ya mshindo, na tangu hapo madaktari huutaja kwa kifupi chake cha Kiingereza, POIS.

Jina hilo halijafikisha hata umri wa mtumishi wa umma wa makamo. Lakini mwili wa binadamu haukubadilika mwaka 2002, na hakuna sababu ya kudhani kwamba kabla ya hapo hapakuwa na wanaume walioamka na homa, macho yakiwasha na misuli ikiuma, baada ya usiku wa mapenzi. Swali la kihistoria basi ni hili: ilikuwaje tiba, ambayo kwa karne tatu ilizungumzia madhara ya kutoa manii kuliko jambo jingine lolote la faragha, ikashindwa kuwaona wagonjwa hawa waliokuwa wakisema kweli?

Kwanza tuuelewe ugonjwa wenyewe. Mwaka 2011 Waldinger na wenzake walichapisha uchunguzi wa wanaume 45 wa Kiholanzi. Dalili huanza ndani ya sekunde, dakika au saa chache baada ya kutoa manii. Kwa wengi wao zilianza kabla nusu saa haijaisha. Uchovu unaomlaza mtu, joto au baridi ya ghafla, pua kuziba, koo kukereketa, macho kuwasha, misuli kukaza, na akili kuwa nzito kiasi cha kushindwa kufuata mazungumzo au kukumbuka neno la kila siku. Hali hiyo hudumu siku mbili hadi saba, kisha huondoka yenyewe. Haijalishi kama ni tendo la ndoa, kujichua, au ndoto ya usiku ambayo mtu hakuiomba. Wako waliokuwa hivyo tangu kubalehe, na wako walioanza ukubwani.

Hebu tupige hesabu. Mtu ambaye dalili zake hudumu siku tano, akikutana na mwenzi wake Ijumaa usiku, atarudi katika hali yake Jumatano. Akikutana naye mara moja kwa juma, anabakiwa na siku mbili za uzima. Kwa hiyo huanza kuishi kwa kalenda: hakuna mapenzi juma la mtihani, juma la usaili, juma la kufunga hesabu za mwaka wa fedha. Mke asiyeelezwa huhesabu siku hizo kwa namna yake, akahitimisha kwamba hapendwi au yuko mwingine. Kijana asiyeoa huahirisha ndoa. Na anayetafuta mtoto hununua kila jaribio kwa juma zima la kuumwa.

Sasa turudi nyuma. Galen, tabibu wa Kiyunani wa karne ya 2, aliandika kuhusu wanaume ambao baada ya kutoa manii hulegea, hupauka na kubonyea macho, na ambao wakijizuia huumwa kichwa. Aliyaandika hayo kama tabibu anayeeleza mwili wenye mizani iliyokosea, bila kumlaumu mtu. Kama wagonjwa wake walikuwa na kile tunachokiita POIS hatuwezi kuthibitisha, na mimi sipendi kuwapima maiti. La maana ni kwamba malalamiko yalisikilizwa yakiwa malalamiko ya mwili.

Mambo yaligeuka karne ya 18. Miaka ya 1710 kilitokea London kitabu kisichotaja mwandishi, kiitwacho Onania, kilichotangaza kwamba kujichua ni dhambi na ni chanzo cha maradhi, na papo hapo kikauza dawa ya maradhi hayo. (Msomaji wa Dar es Salaam anayesoma vibao vilivyopigiliwa kwenye nguzo za umeme ataitambua biashara hiyo mara moja.) Kisha akaja Samuel Auguste Tissot, daktari wa Lausanne mwenye heshima zake, ambaye kitabu chake cha Kifaransa cha mwaka 1760 kiliipa hofu hiyo joho la sayansi. Kwake, kupoteza kiasi kidogo cha manii kulidhoofisha mwili kuliko kupoteza damu maradufu mara nyingi. Kati ya mwaka 1836 na 1842 Claude François Lallemand, profesa wa Montpellier, alichapisha mabuku matatu kuhusu ugonjwa wa manii kuvuja pasipo hiari. Tiba yake mojawapo ilikuwa kuunguza njia ya mkojo kwa kemikali ya fedha. Uingereza ya Malkia Victoria iliupokea ugonjwa huo kwa mikono miwili, ikaongeza pete zenye miiba za kuvaliwa usiku. Nchini Marekani, George Beard aliuingiza katika nadharia yake ya uchovu wa neva.

Katika kelele hizo zote, mgonjwa wa kweli alizama. Kama kila udhaifu wa kila mwanaume unatokana na manii, basi yule mmoja ambaye kweli huugua dakika kumi baada ya mshindo hana cha kumtofautisha. Atachomwa kama wengine.

Karne ya 20 iliisafisha takataka hiyo, na ilifanya vyema. Ripoti ya Alfred Kinsey ya mwaka 1948 ilionyesha kwamba wanaume wengi mno wa Marekani walijichua na hawakuwa wendawazimu wala vipofu. Mwaka 1966 William Masters na Virginia Johnson walichapisha vipimo vyao vya maabara kuhusu mwili wakati wa tendo, tangu msisimko hadi utulivu unaofuata mshindo. Fundisho jipya likawa kwamba mshindo ni afya, na anayeuogopa amelishwa hofu na dini au wazazi.

Ninaamini hapa ndipo kosa la pili lilipofanyika, na ni gumu kuliona kwa sababu lilifanywa na watu wema. Mtu aliyeingia kliniki mwaka 1975 akasema, "Daktari, nikitoa manii ninaumwa siku nne," alisikika kama mzuka wa Tissot. Daktari aliyesoma vizuri alijua jibu kabla hajamaliza kumsikiliza: hatia. Tiba ya zamani ilimwambia anaumwa kwa sababu ametenda. Tiba mpya ilimwambia haumwi, ila anajihukumu. Katika zama zote mbili hakuna aliyemuuliza dalili zinaanza baada ya dakika ngapi.

Kwa Waafrika na Waasia mlango huo ulikuwa na kufuli la ziada. Mwaka 1960 N. N. Wig wa India aliyapa jina la dhat malalamiko ya wanaume waliohusisha udhaifu wao na kupoteza manii, na miongozo ya kimataifa baadaye ikayaweka katika fungu la magonjwa ya utamaduni. Mwaka huohuo Raymond Prince alieleza hali ya wanafunzi wa Nigeria waliolalamika kwamba vichwa vinawaka na hawawezi kusoma. Nayo ikaingia fungu hilohilo. Athula Sumathipala na wenzake walikumbusha mwaka 2004 kwamba Ulaya ya Lallemand iliamini yaleyale yaliyoaminiwa India, ila hakuna aliyeuita ule ugonjwa wa utamaduni wa Waingereza.

Sisemi kwamba dhat na POIS ni kitu kimoja. Katika dhat kiini ni hofu ya kupoteza, na udhaifu huweza kudumu bila kufuata saa. Katika POIS kiini ni wakati, dalili huja na kuondoka kwa ratiba. Lakini tofauti hiyo hupatikana kwa kuuliza, na anayeitwa mgonjwa wa utamaduni huulizwa imani zake badala ya dakika zake. Mholanzi mwenye malalamiko yanayokaribiana na hayo alichomwa sindano ya kipimo.

Kipimo hicho nacho hakikumaliza mjadala. Waldinger alidhani kinga ya mwili huyashambulia manii ya mwenyewe. Wanaume 33 kati ya wale 45 walikubali kupimwa ngozi kwa manii yao yaliyozimuliwa mno, na 29 walionyesha majibu ya mzio. Wawili walizoeshwa kwa sindano za dozi ndogondogo, mmoja kwa miezi 15 na mwingine kwa miezi 31, wakapata nafuu. Wengine hawakuridhika: hapakuwa na kundi la wanaume wazima la kulinganisha nalo, na taarifa kutoka China ya mwaka 2015 haikupata kwa mgonjwa wake kingamwili za aina inayotarajiwa. Tena wapo wanawake, wachache, walioripotiwa kuwa na dalili za namna hiyo baada ya mshindo. Nadharia ya manii haiwezi kuwaeleza. (Wasichanganywe na wanawake wenye mzio wa manii ya mwanaume, ugonjwa mwingine kabisa, ambao Mholanzi Specken aliueleza tangu mwaka 1958.) Wengine wanaelekeza macho kwenye kemikali za ubongo na neva zinazojiendesha. Tiba iliyothibitishwa kwa wote haijapatikana.

Kwetu jambo hili linagusa hata meza ya ofisa utumishi. Karatasi ya ED hutaka jina la ugonjwa, na mtu huyu ama ataandikiwa malaria asiyonayo, ama atatajwa kuwa mvivu anayeugua kila baada ya wikiendi. Kwenye zahanati atapimwa malaria na taifodi, atakutwa hana kitu, ataondoka na dawa za maumivu. Akipata ujasiri wa kusema kweli, huenda akachekwa; asipoupata, atakwenda kwa mwenye kibao cha kwenye nguzo, ambaye angalau hatamcheka.

Wakati utafiti ukiendelea, kazi inayowezekana leo haihitaji mashine. Ni daftari la miezi mitatu: tarehe na saa ya mshindo, saa dalili ilipoanza, ni dalili gani, iliisha siku gani. Ni pia daktari atakayelisoma daftari hilo mlango ukiwa umefungwa, akimwita na mwenzi wa mgonjwa ikiwa mgonjwa ameridhia.