Sarwatt wa Mbulu: msaliti au mwana TANU kweli?

Najua nimepotea, lakini msininunie, mambo ya tesiti mnayajua wenyewe. Leo sina habari za bumu wala foleni ya kantini. Nataka niwape kisa kimoja nilichokutana nacho nikitayarisha presentesheni ya semina. Wiki nzima hakijaniacha, na nitawaambia kwa nini huko mwishoni.

Mwaka ni 1960. Tanganyika bado iko chini ya Mwingereza, gavana ni Richard Turnbull, na TANU ya Mwalimu Nyerere ina umri wa miaka 6 tu. Tarehe 30 Agosti watu wanachagua wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria. Viti ni 71: 50 viko wazi kwa mtu yeyote, 11 vya Waasia na 10 vya Wazungu. Basi bwana, TANU ilikuwa na nguvu kiasi kwamba viti 58 vilipita bila kupingwa. Kura zikapigwa kwenye 13 tu. Hesabu ya mwisho: TANU 70, wengine 1.

Huyo mmoja anaitwa Herman Sarwatt, wa Mbulu. Alisimama kama mgombea binafsi, akamshinda mgombea rasmi wa TANU, Chifu Amri Dodo. Ukisoma harakaharaka unasema ehee, mpinzani huyu hapa! Mimi mwenyewe niliandika hivyo kwenye daftari. Kumbe wapi. Sarwatt alikuwa mwana TANU. Na alipoingia barazani hakuunda chama chake wala hakwenda kukaa upinzani. Alijiunga na wenzake wa TANU, maisha yakaendelea.

Niliposema hayo kwenye semina, vurugu. Mmoja akasema huyo ni kigeugeu, amewatumia watu wa Mbulu kupata kiti kisha akarudi alikotoka. Mwingine akasema ni msaliti wa chama, maana chama kikishateua mtu wewe unanyamaza. Tulitoka darasani tukaendelea kubishana kwenye kimbweta mpaka giza likaingia.

Mimi nikasema hivi: tumpime Sarwatt kwa kumlinganisha na mtu aliyetoka TANU kweli. Yupo, ni Zuberi Mtemvu. Mwaka 1958 TANU ilikutana Tabora, ikakubali kuingia kwenye uchaguzi wa kura tatu, yaani kila mpiga kura achague Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Mtemvu alikataa. Akaondoka, akaanzisha African National Congress, na mwaka 1962 akagombea urais dhidi ya Mwalimu, akaangushwa vibaya. Huyo aligombana na TANU juu ya njia yenyewe ya kupita. Sarwatt hakuwa na ugomvi wa njia. Ugomvi wake ulikuwa nani awawakilishe watu wa Mbulu. Na kuhusu hilo, wapiga kura walikubaliana naye.

Sasa jiulize, utii kwa chama ni utii kwa nani? Kwa kikao kinachoteua, au kwa watu ambao chama kinasema ni chao? Mara nyingi hao wawili wanasema neno moja, kwa hiyo swali halijitokezi. Mbulu mwaka 1960 walisema maneno mawili tofauti.

Naona wakubwa nao waliliona tatizo hilo. Kupita bila kupingwa kunapendeza kwenye hesabu, lakini maana yake mwananchi hakuulizwa kitu. Mwaka 1963 Mwalimu aliandika kijitabu kuhusu demokrasia na vyama, akitetea kwamba nchi ikiwa na chama kimoja cha watu wote, basi watu waachiwe wachague mtu wanayemtaka ndani yake. Januari 1964 ikatangazwa tume chini ya Rashidi Kawawa, na Septemba 1965 ukaja uchaguzi wa mtindo mpya: wagombea wawili jimboni, wote TANU, mmoja alama ya jembe, mwingine nyumba. Na watu walichagua kwelikweli! Waziri wa Fedha mzima, Paul Bomani, aliangushwa.

Kwa hiyo kile ambacho Sarwatt alikipata kwa kupitia dirishani, mwaka 1965 kilipewa mlango. Lakini mlango huo ulikuwa na bawabu: Halmashauri Kuu ya TANU ndiyo iliyopitisha majina hayo mawili. Na dirisha likafungwa. Mgombea binafsi, kwaheri.

Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, dirisha halikufunguliwa. Mchungaji Christopher Mtikila alikwenda mahakamani mwaka 1993. Mahakama Kuu ikamkubalia mwaka 1994, Katiba ikabadilishwa kumzuia. Akarudi tena, akashinda mwaka 2006, Mahakama ya Rufani ikatengua mwaka 2010 ikisema hilo ni la Bunge. Mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu pale Arusha ikasema Tanzania imevunja haki zake. Mtikila alifariki mwaka 2015, na hadi uchaguzi wa 2025 mgombea bado alilazimika kupitia chama.

Sasa niwaambie kwa nini hiki kisa kimenikamata. Mwaka 2020 baba mdogo aliongoza kura za maoni za udiwani kule kwetu. Jina likakatwa juu. Hakuwa na dirisha la Sarwatt, kwa hiyo alivaa fulana ya chama kingine, chama ambacho hata wimbo wake hakuujua, akagombea, akashindwa. Nyumbani tulimwita msaliti. Mimi pia nilimwita hivyo, mbele ya wanawe. Siku hizi anataka kurudi kwenye chama chake cha zamani na watu wanamcheka, eti kigeugeu.

Nimesoma habari za Sarwatt nikaona aibu. Ingekuwa 1960, baba mdogo angegombea kwa jina lake mwenyewe, ashinde au ashindwe, kisha arudi kwa wenzake bila kudanganya mtu. Sheria ndiyo iliyomlazimisha aseme uongo kuhusu chama anachokipenda, halafu sisi tukamwadhibu kwa uongo huo.

Jumapili nampigia simu. Nitaanza na shikamoo, kisha samahani, halafu nimsimulie habari za Mbulu.

Haya, msuli unaningoja. Tuonane vimbwetani, na anayetaka kubishana aje na hoja!