Soksi Zilizofumwa Wakati wa Kusubiri

Askari waliokaa kwenye mahandaki ya Ufaransa na Ubelgiji katika Vita vya Kwanza vya Dunia, majira ya baridi ya 1914, walishinda na kukesha ndani ya maji ya matope. Miguu ilikufa ganzi, ikavimba, kisha ikaanza kuoza. Kwa upande wa Waingereza peke yao, takriban 20,000 waliugua hivyo kabla baridi haijaisha. Kinga ilikuwa kujipaka mafuta ya nyangumi na kubadili soksi mara kwa mara, na soksi ya sufu haidumu ndani ya buti lililolowa.

Malkia Mary wa Uingereza alikuwa ameshatoa wito wa jozi 300,000 za soksi, pamoja na mikanda ya sufu ya tumboni idadi hiyohiyo. Wanawake wakashika sindano majumbani na ndani ya treni, watoto wakafundishwa shuleni. Si wote waliofurahi. Mary Macarthur, mtetezi wa wanawake wafanyakazi, alilalamika kwamba kazi ya bure ingewanyima ujira mafundi wa kike, na alisema kweli, kwani wengi walikuwa wameshapoteza vibarua vita vilipoanza. Ukaundwa mfuko kwa jina la Malkia ili wanawake hao wapewe kazi ya malipo.

Australia, iliyo mbali kabisa na mahandaki hayo, ilituma zaidi ya jozi milioni 1.3. Hizo ni jioni nyingi mno za kungoja barua. Mama ambaye mwanawe yuko vitani hana la kufanya juu ya mizinga, lakini soksi inamtaka awe makini: ahesabu vitanzi, azungushe uzi kwenye sindano nne, apunguze hapa na kuongeza pale mpaka kisigino kikunje vizuri. Akipotewa na mawazo, hesabu inaharibika na inambidi afumue. Naamini hapo ndipo nafuu ilipokuwa.

Sehemu ngumu ni ncha ya vidole. Mshono ukiachwa na ukingo, mtu akitembea maili chache unamtoa malengelenge. Ndiyo maana wafumaji waliunganisha vitanzi vya juu na vya chini kimoja kimoja kwa sindano butu, mpaka pasionekane mshono. Mbinu hiyo hadi leo inaitwa kwa jina la Lord Kitchener, waziri wa vita wa Uingereza. Baadhi ya wafumaji waliingiza ndani ya soksi kikaratasi chenye jina na anwani, na kuna waliojibiwa kutoka mstari wa mbele na askari wasiowajua.

Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917, Msalaba Mwekundu ulisambaza mabango ya kuhimiza ufumaji nchi nzima. Katika hospitali ya jeshi ya Walter Reed, Washington, majeruhi nao walifuma. Picha za wakati huo zinawaonyesha wanaume vitandani, sindano mkononi, kazi yao ya sufu ikining'inia juu ya shuka.