Suti ya Kaunda Mtaani: Nani Ana Haki ya Kuvaa ya Zamani?

Tarehe 28 Novemba 2023, Spika wa Bunge la Taifa la Kenya, Moses Wetang'ula, aliwatangazia wabunge kwamba suti ya Kaunda haikubaliki tena bungeni. Mbunge wa kiume avae koti, shati la mikono mirefu lenye ukosi, tai, suruali ndefu, soksi na viatu. Tangazo hilo lilizua mjadala mkubwa, kwa kuwa wakati huohuo Rais William Ruto alikuwa akionekana na suti hiyo mara kwa mara katika shughuli za serikali, na mafundi wa Nairobi walikuwa wakipata wateja waliotaka kushonewa kama ya rais. Vazi la enzi za uhuru likawa fasheni Ikulu na kosa bungeni, katika jiji lilelile. Ukivuka mpaka ukafika Dar es Salaam, utaikuta suti ya aina hiyo imevaliwa na dereva wa gari la serikali, na hakuna anayegeuka kuitazama.

Kwa nini vazi moja la kale lipokewe kwa namna tatu zisizofanana? Jibu lililozoeleka ni kwamba watu huitikia umri wa nguo: ya jana huchekwa, ya juzi huonewa shauku. Mimi naona sivyo. Katika miji yetu, anayevaa mtindo wa kale hapimwi kwanza kwa umri wa nguo yake. Anapimwa kwa swali ambalo watazamaji hulijibu kwa jicho kabla hawajafungua kinywa: huyu ameichagua, au hana nyingine? Na haki ya kuhesabiwa kuwa umechagua haikugawanywa sawa kwa kila mtu.

Nianze na vazi lenyewe. Kenneth Kaunda aliitawala Zambia kuanzia 1964 hadi 1991, na jina lake limebaki kwenye suti hii hata kwa vijana wasiojua alitawala nchi gani. Ni koti jepesi, la mikono mifupi au mirefu, lenye mifuko ya kubandika kifuani na kiunoni, ukosi uliolala, bila tai, pamoja na suruali ya kitambaa hichohicho. Limetokana na koti la safari la wawindaji na wanajeshi wa kikoloni, lakini viongozi wa uhuru walilipa maana nyingine: rasmi bila kujifunga shingo kama mtawala aliyeondoka. Mwalimu Nyerere naye alipenda suti ya ukosi wa kusimama ambayo Watanzania waliiita Chou En-lai, kwa jina la waziri mkuu wa China aliyetembelea Dar es Salaam mwaka 1965. Kule Zaire, Mobutu alikwenda mbali zaidi. Alipiga marufuku koti na tai za kimagharibi na kuwataka wanaume wavae abakosti, koti lisilovaliwa na tai, hadi alipolegeza amri hiyo mwaka 1990. Tofauti hiyo ina uzito. Suti ya Kaunda ilienea kwa kuigwa, abakosti ilienea kwa amri, na ndiyo maana mzee wa Lubumbashi akimwona kijana amevaa abakosti leo, kinachomjia kwanza ni utawala, kisha ndipo fasheni.

Mwaka 1937 mwanahistoria wa mavazi wa Uingereza, James Laver, aliweka mpangilio ambao wataalamu wa fasheni wanaurejea hadi leo. Kwa mujibu wake, vazi lililotangulia wakati wake kwa miaka 10 huonekana halina staha. Mwaka mmoja baada ya wakati wake huonekana limepitwa. Baada ya miaka 10 huwa baya mno, baada ya 20 huwa kichekesho, baada ya 30 hufurahisha, na likifikisha 150 huwa zuri. Ni mpangilio wenye mvuto, lakini umejengwa juu ya sharti moja: kwamba vazi huondoka mtaani, likakaa kabatini au makumbusho, kisha likarudi. Kwetu suti ya Kaunda haikuondoka. Iliteremka. Kutoka kwa waziri ilikwenda kwa mkuu wa wilaya, kisha kwa mwalimu mkuu, kwa mjumbe wa nyumba kumi, kwa dereva, kwa mlinzi wa mlangoni. Macho yetu hayajapata nafasi ya kuisahau. Anayeiona haoni mwaka 1974. Anaona cheo, na hapohapo anataka kujua kama mvaaji anastahili cheo hicho.

Niliona jambo hili likitendeka kwenye baraza la fundi mmoja wa Kariakoo, Dar es Salaam. Kijana wa miaka ishirini na kitu alikuja kuchukua suti yake ya rangi ya ugoro, mifuko minne, mkanda wa kitambaa mgongoni. Alikuwa ameleta picha ya babu yake kwenye simu ili fundi afuate mshono uleule. Fundi, mzee mwenye miwani, alifungua daftari lake la vipimo, akamvuta mkono na kupima upya.

"Mkono uishie hapa, juu kidogo ya kiwiko," alisema. "Ukishuka zaidi unaonekana umeazima."

"Nifanyie hivyo hivyo, babu," kijana akajibu.

Alipoivaa na kutoka barazani, vijana wa kibanda cha pili, rika lake kabisa, walimpokea kwa sauti: "Shikamoo, mheshimiwa! Umeteuliwa lini?" Naye, bila kusita, akaitikia "Marahaba" kwa sauti nzito ya mtu mzima, akawaulizia hali ya watoto nyumbani. Wakacheka wote, mmoja akamuuliza bei ya kushona.

Shikamoo hiyo ilikuwa mtihani. Kwa kumwamkia kana kwamba ni mzee, walikuwa wanamuuliza kama anajua amevaa nini. Angenyamaza au angeona haya, wangejua vazi limemzidi. Alipoitikia kama mzee, alionyesha kwamba ameuingia uzee huo kwa hiari na anaweza kutoka akitaka. Kuanzia hapo alikuwa mtu mwenye mtindo. Lakini dakika chache baadaye alipita msukuma mkokoteni amevaa koti la mshono huohuo, limepauka mabegani, kifungo kimoja si cha jamii ya vingine. Hakuna aliyemwamkia kwa utani, hakuna aliyemuuliza bei. Koti lake pengine lilikuwa la zamani kweli, na la kijana lilikuwa la wiki ile. Kama kinachopimwa ni umri, msukuma mkokoteni ndiye angestahili kutazamwa.

Uchumi wa mitumba umelifanya swali hili kuwa kali kuliko lilivyo London au Tokyo. Huko, nguo kuukuu ni kitu unachokwenda kukitafuta. Hapa, tangu biashara ya nje ilipofunguliwa miaka ya 1980, nguo iliyokwisha kuvaliwa na mtu mwingine ndiyo nguo ya kawaida. Watanzania waliwahi kuiita kafa Ulaya. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki waliazimia kuiondoa sokoni hatua kwa hatua. Rwanda ilipopandisha ushuru na kushikilia msimamo, Marekani ikaisimamishia mwaka 2018 nafuu ya kuingiza nguo zake bila ushuru. Mitumba ikaendelea. Hivyo kijana wa Nairobi anayetaka suruali ya pekosi, yenye miguu mipana chini, na koti la miaka ya 1970 anavipata katika soko la Gikomba, kwenye belo moja na nguo ambazo jirani yake ananunua kwa kuwa ndizo anazozimudu. Wote wawili wamevaa ya zamani. Mmoja ataambiwa amependeza, mwingine ataambiwa ni mshamba.

Basi mwenye kuchagua hulazimika kuacha ushahidi. Nguo imkae sawa, maana isiyokaa sawa hudhaniwa imepewa. Ipigwe pasi hadi mstari wa suruali usimame. Viatu vifuatane na suruali, kofia ifuatane na viatu, kwa sababu kipande kimoja cha kale ni bahati ya sokoni, na vipande vinne vinavyopatana ni nia. Karen Tranberg Hansen, katika kitabu chake Salaula cha mwaka 2000 kuhusu mitumba ya Zambia, alieleza jinsi wanunuzi walivyopendelea nguo yenye mikunjo ya belo, kwa kuwa mikunjo ilithibitisha kwamba haijavaliwa bado na mtu wa pale pale nchini. Naye mvaaji wa mtindo wa kale anatafuta uthibitisho, ila wake ni wa nia. Kazi hiyo ina gharama: pesa ya fundi, pasi na umeme, muda wa kuchambua. Asiyekuwa navyo hawezi kuthibitisha, hata kama anaipenda pekosi yake kuliko yeyote.

Kwa wanawake mizani ni nyingine kabisa, na hapa ndipo nadharia za shauku ya zamani zinaponiudhi zaidi. Mavazi ya mwanamume ya miaka ya 1960 yakirudi hupokewa kwa shikamoo. Gauni fupi la mwanamke la miaka hiyohiyo likirudi, hakuna anayetaja miaka ya 1960. Kinachotajwa ni mapaja. Historia ya jambo hili tunayo. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU, chama kilichotawala Tanzania Bara, ulitangaza Operesheni Vijana, iliyopiga vita sketi fupi, mawigi, dawa za kujichubua na suruali za kubana, kwa hoja ya kulinda utamaduni wa taifa. Kariakoo wanawake walivamiwa na makundi ya wanaume kwa sababu ya nguo zao. Katika kipindi hichohicho serikali ilikuwa ikiwashinikiza Wamasai waache mavazi ya jadi na kuvaa suruali. Mwanamke wa mjini aliambiwa vazi lake si la kwetu. Mmasai aliambiwa vazi lake ni la kwetu mno. Aliyekuwa na mamlaka ndiye aliyeamua zamani ipi inafaa.

Hasira ile haijazeeka. Novemba 2014 wanawake wa Nairobi waliandamana baada ya wenzao kuvuliwa nguo hadharani kwa madai kwamba wamevaa vibaya. Mwaka 2021 mbunge mwanamke alitolewa nje ya Bunge la Tanzania kwa sababu ya suruali yake. Kwa upande mwingine, mwanamke wa Zanzibar au Mombasa anayechagua baibui la kale la kufungwa kichwani kwa kamba, badala ya baibui la kisasa lenye mtindo wa Ghuba, huonekana ameshika heshima ya bibi zake. Mwanamke anaruhusiwa kuchagua ya zamani pale zamani hiyo inapomfunika. Akichagua zamani inayomwonyesha, uchaguzi wake haukubaliwi kuwa uchaguzi. Huitwa utovu wa adabu, au huambiwa ameiga.

Wapo watakaosema ninalitia jambo uzito lisilo nao, kwamba watu hucheka tu na kufurahi. Kwenye usiku wa zilipendwa hilo ni kweli. Pale kila mtu amekuja na viatu vya raizoni na nywele za Afro, bendi inapiga nyimbo za zamani, na shughuli yenyewe imekwisha kumdhamini kila mvaaji. Asubuhi kwenye daladala udhamini huo haupo. Konda anayesema "mzee wangu, sogea ndani" kwa kijana wa miaka 25 hatanii kila mara; wakati mwingine amemweka fungu la watu ambao hawana haja ya kusikilizwa sana.

Sasa tazama tai na koti alivyovitaka Spika. Suti hiyo ya kimagharibi ilianza kuvaliwa Uingereza katika nusu ya pili ya karne ya 19. Ni kongwe kuliko suti ya Kaunda kwa karibu miaka 100, na tai yake haina kazi yoyote kwenye joto la Mombasa. Hata hivyo hakuna anayemwamkia mwenye tai kwa utani wala kumuuliza ameteuliwa lini. Vazi hilo limepewa fursa ya kutokuwa na tarehe. Kuwa "ya zamani", basi, ni hukumu inayotolewa na wenye nguvu ya kuamua vazi gani libaki la kawaida, na Bunge la Kenya liliitoa hukumu hiyo dhidi ya vazi la kizazi kilicholeta uhuru. Kanuni za Bunge la Tanzania zinaikubali suti ya safari, na shughuli za Dodoma hazijaharibika kwa sababu hiyo. Marufuku ya Nairobi haina hoja ya kuitetea, na inafaa kuondolewa.

Kwa wenzangu wa sosholojia, historia na Kiswahili nina ombi. Wanafunzi wetu wa uzamili waache kurudia mpangilio wa Laver na waende barazani kwa mafundi. Waandike watu wanavyoamkiana, wanavyotaniana, nani anaulizwa bei na nani anapitwa. Wanakili pia madaftari ya vipimo ya mafundi walioanza kazi miaka ya 1960 na 1970, kwa maana yana majina ya vitambaa, mishono na wateja ambayo hayamo katika maktaba yoyote ya chuo, na fundi akifariki ni nadra familia kuyahifadhi.