Jinsi tarakilishi ilivyogeuka mkumbushaji wa madaktari Eldoret

Mwaka wa 2001, kituo cha afya cha Mosoriot, kusini mwa Eldoret, kilianza kuhifadhi rekodi za wagonjwa katika tarakilishi. Mfumo huo ulikuzwa na mpango wa AMPATH, unaotibu wenye virusi vya Ukimwi, na mnamo 2006 ukahamia programu ya OpenMRS, ambayo hailipiwi leseni.

Kazi ngumu ilikuwa kupekua faili nene kutafuta tarehe ya kipimo cha mwisho cha chembe za CD4. Tarakilishi ilipewa kanuni za kukagua rekodi na kuchapisha muhtasari wenye kumkumbusha daktari kipimo kilichochelewa. Utafiti uliochapishwa 2011 ulionyesha kuwa kliniki yenye vikumbusho iliagiza asilimia 53 ya vipimo vilivyochelewa. Isiyokuwa navyo, asilimia 38. Karibu nusu, basi, bado vilipita bila kuagizwa.

Huko si kubashiri, kama zifanyavyo programu za akili unde za leo. Mashine ilifuata kanuni, daktari akaamua. Karani akinakili tarehe vibaya, kikumbusho nacho hupotoka, na mgonjwa ndiye huumia.