Maji, Kiu na Safari ya Terekeza katika Njia ya Tabora

Historia ya njia ya kati, iliyoanzia Bagamoyo, ikapanda Usagara, ikakata Ugogo na kuingia Unyanyembe, ulipo mji wa Tabora, imezoeleka kusimuliwa kwa pembe, nguo, ushanga na watumwa. Ni nadra kusimuliwa kwa maji, ingawa maji ndiyo yaliyoamua, kuliko bidhaa yoyote, msafara ulale wapi, uondoke saa ngapi na ulipe nini ili upite. Jambo hilo haliwezi kueleweka vyema bila kuutazama pia mwili wa mpagazi, na hasa kiungo kidogo ambacho vitabu vya tiba hukiita sehemu ya nyuma ya tezi pituitari.

Tezi pituitari, isiyozidi punje ya njegere kwa ukubwa, imening'inia chini ya ubongo, ndani ya kishimo cha mfupa. Sehemu yake ya mbele ni tezi halisi, yaani hutengeneza homoni zake yenyewe. Ile ya nyuma, kwa asili yake, ni mwendelezo wa ubongo, kwa kuwa imeundwa hasa na ncha za nyuzi za neva ziteremkazo kutoka haipothalamasi, eneo la ubongo lililo juu yake. Jina la kitaalamu, nyurohipofisi, mara nyingi hutumiwa kwa sehemu hiyo ya nyuma peke yake, lakini waandishi waangalifu hulipa upana zaidi na kujumuisha kikonyo kinachoiunganisha na ubongo. Humo huhifadhiwa homoni mbili zilizotengenezwa juu yake: oksitosini, inayohusika na uchungu wa uzazi na utokaji wa maziwa, na vasopresini, inayoziamuru figo zirudishe maji katika damu. Chumvi ya damu ikikolea kwa asilimia moja au mbili tu, vasopresini huachiliwa na mkojo hupungua, pengine hadi nusu lita kwa siku. Homoni hiyo ikikosekana kabisa, mtu anaweza kukojoa lita 15 au zaidi.

Mpagazi wa Kinyamwezi, ambaye mara nyingi alibeba mzigo wa frasila mbili, karibu kilo 32, alikutana na mipaka ya kinga hiyo mahali pawili hasa. Pa kwanza ni Marenga Mkali, nyika iliyo kati ya Mpwapwa na Ugogo, ambayo Henry Morton Stanley, aliyepita mwaka 1871, aliikadiria kuwa na zaidi ya maili 30 bila maji. Pa pili ni Mgunda Mkali, msitu mpana ulio magharibi ya Ugogo, ambao misafara iliuvuka kwa kupitia vituo kama Jiwe la Mkoa hadi kufika Tura, mlango wa Unyamwezi upande wa mashariki.

Dawa ya nyika hizo ilikuwa terekeza, desturi ambayo Richard Burton, aliyeingia Tabora mwezi Novemba 1857, aliieleza kwa kirefu na kwa manung'uniko mengi. Asubuhi wapagazi hawakuondoka. Walibaki penye maji ya mwisho, wakapika na kula, wakanywa, wakajaza vibuyu, kisha baada ya adhuhuri kirangozi, yaani kiongozi wa njia, akatangulia na mstari wote ukamfuata hadi jioni. Walilala pakavu, wakaamka kabla ya mapambazuko, na jua lilipoanza kuwa kali walikuwa wamekaribia maji mengine. Wazungu waliona ni ukatili kuanza mwendo katika joto la mchana, na kwa saa zile za kwanza hawakukosea. Lakini hesabu yenyewe ilikuwa sahihi, kwa sababu nyika ya siku mbili iligawanywa na usiku, na hapakuwa na mchana mzima wa kukaa kambini bila maji.

Usahihi wa hesabu hiyo unaonekana zaidi inapokumbukwa kwamba vasopresini hutawala figo tu, wala haina amri juu ya jasho. Mtu mwenye mzigo juani anaweza kupoteza lita nzima ya jasho kwa saa moja, na hakuna homoni ya kuirudisha. Kinachobaki ni kuchagua saa ya kutembea. Kula kabla ya kuondoka nako kulikuwa na maana, kwani maji mengi yanayonywewa matupu na mtu asiye na upungufu huizima vasopresini na kutolewa kwa mkojo baada ya muda mfupi, ilhali yakiandamana na chakula chenye chumvi hukaa zaidi. Chumvi hiyo ilikuwa biashara kubwa ya magharibi: chemchemi za Uvinza, karibu na mto Malagarasi, zilichemshiwa chumvi kwa zaidi ya miaka elfu moja, na sehemu yake ilifika hadi Unyanyembe. Pombe, kwa upande mwingine, huizuia vasopresini, jambo ambalo wapagazi waliokesha wakinywa vijijini walilijua bila shaka kwa kiu ya kesho yake.

Katika Ugogo, visima na mabwawa yalikuwa na wenyewe. Hongo, yaani ushuru wa kupita, ambayo wasafiri wengi waliiandika kama unyang'anyi, kwa sehemu ilikuwa bei ya maji, na katika nchi kame, ambamo msafara wa mamia ya watu ungeweza kukausha kisima ambacho kijiji kilikitegemea hadi masika, dai la watemi wa Kigogo halikuwa la ajabu hata kidogo.

Sayansi ilichelewa. Mwaka 1895 George Oliver na Edward Schäfer walionyesha jijini London kwamba dondoo la tezi pituitari hupandisha shinikizo la damu. Uwezo wake wa kupunguza mkojo ulitangazwa mwaka 1913, na Farini huko Italia na von den Velden huko Ujerumani. Wakati huo reli ya Wajerumani ilikuwa imekwisha kufika Tabora, mwaka 1912, na safari ya miezi ikawa ya siku chache. Hata hivyo, mizigo haikuondoka mabegani moja kwa moja: Wabelgiji walipoingia Tabora mwezi Septemba 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, majeshi ya pande zote yalitegemea wapagazi, wengi wao wakiwa wamechukuliwa kwa nguvu, na saa za kutembea sasa zilipangwa na maofisa.